Macho Aliyorithi Fundi Saa

Watu wengine hurithi nyumba, wengine shamba. Macho Manne alirithi meza ya kutengenezea saa na macho mabovu, vyote kwa baba mmoja. Jina hilo la utani alipewa shuleni, na usidhani aliyempa alikuwa na akili za ziada. Kila shule ina Macho Manne wake. Ila kwake jina lilimganda. Sasa ana mjukuu, na bado mtu akiuliza Macho Manne anapatikana wapi, mtaa mzima unamwonyesha duka la saa.

Baba yake naye alikuwa fundi saa, kwenye chumba hicho hicho ambacho mlango wake unafunguka moja kwa moja barabarani. Mbali alikuwa haoni kabisa. Bila miwani aliweza kumwamkia mgeni mlangoni kwa heshima zote, kumbe ni koti limetundikwa. Lakini karibu, hapo alikuwa hana mpinzani. Mafundi wengine walibana kioo cha kukuzia jichoni. Yeye alivua miwani, akaitundika msumarini, akaisogeza saa usoni mpaka ikabaki upana wa kiganja, akaanza kazi. Springi nyembamba kama unywele aliiona vizuri kama wewe unavyoiona kamba ya kuanikia nguo.

Siku binti yake, ndiye Macho Manne, alipovishwa miwani ya kwanza, mama mtu alilia. Baba hakulia. Alichukua nyundo, akapigilia msumari wa pili chini ya ule wake, kimo cha mtoto, kisha akamwita mezani.

"Vua," alimwambia. "Sogea. Sogea tena. Haya, unaona?"

Aliona. Aliona gurudumu dogo la shaba likienda na kurudi, vijiwe vyekundu vilivyoshika mihimili yake, na chembe ya vumbi ambayo baba aliitoa kwa kibano taratibu. Vichwa vyao vilikuwa vimegusana. Nje ya upana ule wa kiganja dunia nzima ilikuwa ukungu wenye sauti ndani yake, lakini humo ndani kila kitu kiling'aa. Kaka zake, wenye macho mazima, walikuja mbio kuangalia kuna nini, wakaingiza nyuso zao, wakatoka wanalalamika kwamba hawaoni kitu. Baba alicheka mpaka akaweka kibano chini. Tangu siku ile, akitoka shule, hapo ndipo palikuwa pake. Hajawahi kuwa na furaha kama ile maishani, na hayo huyasema hata mbele ya mumewe, ambaye ameshazoea na huendelea kunywa chai yake.

Baba alipofariki, kaka zake hawakuitaka meza. Yeye aliitaka. Akavua miwani kama alivyofundishwa, akaisogeza saa ya mteja usoni, na hapo akamhisi baba kando yake, pumzi yake na sikio lake la baridi likimgusa shavu. Wala si mambo ya mizimu, tusije tukatiana hofu. Ni kwamba mahali pale hapakuwahi kuingia mtu mwingine zaidi yao wawili, kwa hiyo kila akiingia, anakuta kumbukumbu zimekaa zilivyokuwa. Miaka ikapita hivyo.

Habari ya leza ya kurekebisha macho ililetwa na binti wa Macho Manne mwenyewe, ambaye alirithi macho mazima ya baba yake na papara ambayo hakuna anayekubali kuwa ni ya upande wake. Alikuwa amechoka kumwona mama yake akipapasa miwani asubuhi, akiifuta mvuke kila akifunua sufuria, akiikalia na kuivunja. Macho Manne hakubishana sana. Vioo vyake vilikuwa vimenenepa kama kitako cha glasi na vilimuumiza pua. Wakaenda kliniki.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Alimpima kwa mashine moja baada ya nyingine, kisha akamweleza. Jicho lake lilikuwa refu kuliko kawaida, kwa hiyo picha ya kitu cha mbali ilitua kabla ya kufika ukuta wa nyuma unaoipokea. Miwani ilikuwa ikiisukuma mpaka nyuma. Leza ingefanya kazi hiyo moja kwa moja kwenye konea, ule utando mgumu na mwangavu ulio mbele ya jicho: ingeupunguza katikati, ulale bapa zaidi, na picha itue panapotakiwa.

"Kwa hiyo mnachonga," alisema Macho Manne.

Daktari alicheka, akakubali kwamba ndiyo, wanachonga. Kisha akauliza anafanya kazi gani, na alipojibiwa, akaiweka kalamu chini. Alimuuliza kama kazi hiyo anaifanya akiwa na miwani au bila. Macho Manne akamwambia bila, na akaongeza kwa majivuno kidogo kwamba hata baba yake alifanya hivyo.

"Mama, basi lazima ujue kitu," daktari alisema. "Leza haikuongezei. Inahamisha. Ukipata mbali, hapo pa karibu sana panaondoka. Kwa umri wako jicho haliwezi tena kujivuta lenyewe. Kusoma utahitaji miwani, na kwenye saa utatumia kioo cha kukuzia kama mafundi wengine."

"Mimi nilidhani mnanipa mbali, na karibu nabaki nako."

"Wengi wanadhani hivyo."

Daktari alimweleza kwamba wangeweza kuacha jicho moja likiwa na upungufu kidogo, limsaidie kusoma. Macho Manne akauliza kama jicho hilo lingeona kwenye upana wa kiganja. Daktari hakumdanganya, alisema hapana. Basi akachukua mkoba wake, akashukuru, akaondoka. Njia nzima binti alinuna. Alisema mama yake anang'ang'ania ugonjwa. Labda ni kweli, lakini mtu anaweza kuupenda ugonjwa ikiwa ameupata kwa baba na ndani yake ndimo alimolelewa.

Jambo hilo lingeishia hapo, kama si mjukuu. Alikuwa wa kike, ndiyo kwanza amejua kukimbia, na mama yake alipenda kumwacha dukani akienda sokoni. Siku moja Macho Manne alikuwa ameinamia saa ya mkononi ya zamani, miwani msumarini, yuko kule kwake na baba. Mtoto alikuwa sakafuni akichezea mikanda ya saa iliyokatika. Bibi akasikia breki zikilia nje, na mtu akipiga ukelele. Aliinua uso. Mlango ulikuwa mwanga mtupu, na ndani ya mwanga ule kulikuwa na vivuli, na hakujua kipi ni mtoto, kipi ni gari, kipi ni kitu gani. Akaita. Hakujibiwa. Akakimbilia msumari, miwani ikamponyoka, ikaanguka chini ya meza.

Jirani yake, fundi cherehani, ndiye aliyeingia na mtoto mkononi, mzima, analia kwa sababu kiatu kimoja kimebaki barabarani. Jirani hakumlaumu. Alimwambia tu, "Dada, alipita mbele yako. Tena alikupungia mkono."

Maneno hayo hayakumtoka akilini. Alijaribu kufanya kazi na miwani machoni, hakuona kitu. Kioo cha kukuzia hakikukaa juu ya vioo vile vinene. Na kumkataza mtoto asije dukani hakuweza, maana hata yeye alikuzwa humo. Akapiga moyo konde, akampigia simu daktari mwenyewe, bila kumwambia mtu.

Jioni ya kuamkia siku ya leza alibaki mezani peke yake na saa ambayo haikuwa na ubovu wowote. Aliifungua, akaitazama kwa karibu mpaka macho yalipochoka, akaifunga.

Leza yenyewe haikuchukua muda. Walimtia matone ya ganzi, wakayashika makope yasifumbe, wakafunua ngozi nyembamba mno ya konea kama mfuniko wa saa unavyofunuliwa. Hilo la mfuniko alilisema mwenyewe, na daktari akamwomba asimchekeshe. Aliambiwa atazame taa ya kijani. Taa ikavimba, ikawa ukungu, kukasikika harufu kama ya unywele ulioungua, wakaurudisha mfuniko, wakahamia jicho la pili. Alipoamka kesho yake, aliona nyufa za dari. Zilikuwa nyingi. Alimwita mumewe kumgombeza kuhusu nyufa hizo kabla hata hajamsalimu.

Siku aliyofungua duka tena, binti na mjukuu walikuwepo. Kutoka kitini aliona barabara yote, aliona mpaka uzi mdomoni mwa fundi cherehani ng'ambo, na mtoto aliponyata kuelekea kizingitini, alimrudisha kwa neno moja. Binti alitabasamu.

Kisha Macho Manne akachukua saa ya kwanza. Mkono ulipanda kuvua miwani, ukakuta uso mtupu. Akaisogeza saa upana wa kiganja. Ukungu. Akaisogeza tena, ukazidi. Alijua itakuwa hivyo, alishaambiwa, alikubali kwa akili zake timamu, na bado alibaki ameishikilia pale pale usoni, anangoja.

"Mama, vipi?" binti aliuliza. "Unaona?"

"Naona mpaka mwisho wa barabara, mwanangu." Akaiweka saa chini, akainua kiganja mbele ya uso wake. "Ila hapa ndipo nilipokuwa nakaa na babu yako. Siwezi kuingia tena."

Daktari alikuwa amemkataza kufikicha macho, kwa hiyo aliyaacha machozi yashuke yenyewe mpaka yalipokwisha, kisha akabana kioo cha kukuzia jichoni, akaifungua saa.