Pale Kisu cha Mama Kiliposimama

Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kumshika msomaji asibanduke, hutarajia nitaje chuo. Nilijifunzia jikoni kwa mama, Mitunguu, likizo moja ya miaka ya tisini nikiwa kidato cha tatu, nikiwa na hasira ya kuua mtu. Mtu mwenyewe alikuwa shemeji yangu. Sikumuua, lakini kutamani nilitamani, tena sana.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa naye huko chini kwenye mashamba ya ndizi, si mbali na kwetu. Jumapili moja alasiri alirudi nyumbani akiwa ameupakata mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mfupa ulikuwa umevunjika karibu na kiwiko na ngozi ya pale ilikuwa imevimba ikang'aa. Mdomo ulikuwa umepasuka na jino moja la mbele halikuwepo. Mama hakuuliza ni nani. Alileta maji ya chumvi akamsukutua, na yale maji yakatoka mekundu kwenye karai. Tulipofika zahanati tulikuta shemeji amekwisha kupita, amewaambia kwamba mke wake aliteleza kwenye ukingo wa mfereji. Walimfunga plasta na kwenye kadi wakaandika kwamba alianguka.

Shemeji aliaminiwa, kwa sababu yeye ndiye aliyesimamia zamu za maji. Kwetu huko tambarare maji ya shamba hugawanywa kwa saa, na msimamizi akikosea, watu hukatana mapanga. Yeye hakuwahi kukosea. Ukisema zamu yako ilianza saa nne, atakwambia ilikuwa saa nne na robo, na kila mtu anajua kwamba ndivyo ilivyokuwa. Jirani mmoja aliwahi kufungua maji kabla ya zamu yake. Shemeji alimpiga kwa mpini wa jembe hadi bwana yule akalala matopeni akilia, na watu waliokuwa wakitazama wakasema amejitakia, saa ni saa.

Kesi ilipangwa isikizwe na sub-chifu pamoja na wazee, pale kambini kwa chifu, mwisho wa wiki hiyo. Wakiamua kwamba dada alianguka, angerudi na mumewe siku hiyo hiyo. Dada alisema akirudi kule atatoka akiwa ndani ya jeneza. Alisema hivyo huku akitafuta leso yake, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Tena palikuwa na jambo lingine. Kwetu mwanamke hasimami mbele ya wazee kumshtaki mumewe. Husemewa na baba yake au kaka yake. Baba alikuwa ameshafariki, na kaka hatukujaliwa, tulizaliwa wasichana wawili tu. Mama alikwenda kwa sub-chifu akamsihi mpaka akakubali maneno ya dada yaandikwe kwa Kiswahili, yeye mwenyewe ayasome. Mkono wa kuandika wa dada ulikuwa ndani ya plasta. Kwa hiyo kalamu ilikuwa mimi, na mimi, jamani, nilikuwa nikijiona bingwa wa insha.

Nilikuwa nasoma shule ya bweni upande wa Embu, karibu na Manyatta. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kuandika kwa kipande cha mpira wa kunyweshea maji. Insha lazima ifunguke kwa hali ya hewa. Kila aya iwe na methali. Ukisahau methali, unanyoosha mikono juu ya dawati na mpira unashuka. Niliwahi kupigwa mpaka kucha ya kidole gumba ikang'oka, kwa sababu nilimalizia insha ya ajali bila funzo. Nilijifunza haraka. Mtu hukomaa.

Basi nikaketi jikoni nikaandika. Mama alikuwa akimenya ndizi mbichi kwa ajili ya chakula cha jioni, na dada ameketi kwenye gunia akiwa ameegemea ukuta. Nikawasomea kwa sauti ya mashindano: Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Ilikuwa siku ya Jumapili, jua lilikuwa limechomoza na kuangaza kila pembe ya dunia, nao ndege walikuwa wakiimba mitini. Mama aliendelea kumenya. Maganda yalianguka kwenye karai moja baada ya jingine. Nikafika kwenye kichapo, nacho nilikuwa nimekipamba kwa tashbihi tatu, na mama bado anamenya.

"Hiyo jua ni ya nini?" akauliza. "Mtoto wangu alipigwa na jua? Na hao ndege, watakuja kutoa ushahidi?"

Nilinuna. Nilimwambia hajui Kiswahili cha shule. Alinitazama tu, utomvu wa ndizi umemgandia vidoleni.

"Mimi sijui," akasema. "Lakini huyu amelala hapa amevunjwa mkono, na nikikusikiza nasahau."

Nilitoka nje kwa hasira, na huko nje ndiko nilikomwona shemeji akiingia boma letu na panga mkononi. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya migomba ya mama, ile iliyo karibu na mlango, akasema anataka mke wake. Mama alitokeza na kile kisu cha ndizi, akamwambia hapati mtu. Shemeji akaukata mgomba wa kwanza. Ukaanguka na mkungu wake. Akauliza tena, akaukata wa pili. Aliikata kwa mstari, bila haraka, kila mmoja kwenye kimo kimoja, na maji ya mgomba yalimrukia kwenye suruali.

Mama akapandwa na wazimu. "Wewe ulikuja hapa kuniomba msichana ukiwa na shati moja!"

Panga likasimama hewani. "Mashati yalikuwa mawili," shemeji akasema. "Hiyo ingine ilikuwa kwa begi." Kisha akaendelea kukata.

Majirani walipoanza kukusanyika, alilifuta lile panga lake kwa jani, akaenda zake. Mama aliketi juu ya mgomba ulioanguka na kulia kwa hasira. Nilirudi ndani. Dada alikuwa amejisogeza hadi nyuma ya mlango, na alikuwa amesikia kila kitu. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku zote, na hilo lilinitia hofu, nikadhani amekata tamaa.

Nilichukua karatasi mpya. Safari hii jua nililitupa. Nikaandika kwamba shemeji ni hayawani, katili asiye na chembe ya utu, shetani aliyevaa ngozi ya binadamu. Nilikaribia kuitoboa karatasi. Jioni hiyo nikasoma tena, na mama, ambaye migomba yake ilikuwa imelala nje, ambaye angemla shemeji mbichi, aliendelea kumenya.

"Sasa unatukana," akasema. "Mtu akitukana, mimi huangalia yeye anayetukana. Yule anatukanwa namsahau."

Hapo ndipo niliponyamaza na kufikiri, pengine kwa mara ya kwanza tangu nianze kupigiwa Kiswahili. Nilikuwa nikifanya kazi ambayo si yangu. Hasira ile ilipaswa kuwa ya wazee, nami nilikuwa nimeimaliza yote kabla haijawafikia. Nikawa nafuta. Palipokuwa na methali nilifuta. Palipokuwa na katili nilifuta. Kila nilipobakiza sentensi niliisoma kwa sauti huku nikitazama mikono ya mama, na pale kisu kiliposimama niliweka alama. Hadi leo nikiandika kitabu namtafuta mtu mwenye kazi mkononi, anayeshona au anayechambua maharage, namsomea. Sijali atasema nini mwishoni. Natazama mikono.

Lakini kisu kilikuwa kikisimama mara chache mno, kwa kuwa nilikuwa nikieleza nisichokiona. Ndipo dada akasema, "Andika mimi nikisema. Na usiongeze."

Alisema polepole, kwa sababu ya ule mdomo. Nilitaka kutengeneza hapa na pale, akanikataza. Alipomaliza, nilitazama chini nikaona mama ameshika ndizi nusu imemenywa, nusu na ganda lake, na hakumbuki kwamba ameishika.

Siku ya kesi tuliketi nje ya ofisi, chini ya paa la mabati. Wazee walikuwa wanne, na mmoja alikuwa akichonga fimbo yake kwa kisu kidogo, hana haja na mtu. Shemeji alisemeshwa kwanza. Alieleza kuhusu mfereji vizuri sana, mahali, saa, hata upande ambao dada aliuangukia. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mama alikuwa ameushika ule mkono mzima wa dada kwa nguvu hadi vidole vikabadilika rangi.

Sub-chifu akafungua karatasi yangu akasoma kwa sauti ya kuchoka:

"Tukitoka kanisani nilisema tai ya mhubiri ilikuwa nyeusi. Mume wangu akasema ilikuwa ya buluu. Nilicheka. Hakusema kitu mpaka tukafika nyumbani."

Mzee wa fimbo aliacha kuchonga. Niliona.

"Alifunga mlango," sub-chifu akaendelea, na sauti yake haikuwa tena ya kuchoka. "Alivua koti lake akalitundika kwenye msumari wa mlango. Kisha akachukua mpini wa jembe."

"Si msumari," shemeji akasema.

Sub-chifu aliinua macho.

"Samahani, chifu. Hapo si sawa. Huo mlango hauna msumari. Koti nilikunja nikaweka kwa kiti."

Sub-chifu aliiweka karatasi mezani taratibu. "Ulilikunja saa ngapi?" akauliza.

"Kabla ya..." shemeji akasema, kisha akafunga mdomo.

"Maliza," mzee wa fimbo akamwambia.

Hakumaliza. Alimrukia dada. Aliipiga plasta kwa ngumi, pale pale kiwikoni, na dada akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa binadamu. Mama akamwuma shemeji sikio. Wazee, watu wa kanisa wenye mvi, wakamshukia kwa fimbo zao wakampiga kichwani na mgongoni hadi akaanguka kifudifudi kwenye vumbi. Mimi nilimpiga teke la mbavu, nikaliongeza la pili. Nilifurahi, na nikikumbuka sasa bado nafurahi. Askari wa kambi alimfunga mikono kwa kamba na kumpeleka ndani, damu ikimchuruzika kutoka sikioni hadi kwenye kola ya shati lake.

Wazee hawakukaa hata kujadiliana. Walisema msichana ni wa mama yake, na hakuna wa kumfuata tena. Mzee wa fimbo aliniuliza kama mimi ndiye mwandishi. Nikakubali. Akasema, "Nilikuwa naona hiyo mlango," basi, akaenda zake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama akiwa mbele. Kichwa changu kilikuwa kimevimba kwa sifa, ila kitu kimoja kilinisumbua, nikamwuliza dada kwa sauti ya chini kama kweli koti lilikuwa kitini.

"Kitini," akasema. "Amelikunja, na mikono ya koti ameirudisha ndani. Nililiangalia wakati wote ule, kwa sababu sikutaka kumwangalia yeye."

"Mbona uliniambia msumari?"

"Nimeishi na yeye. Hawezi kuacha neno lenye makosa lipite, hata akiwa ameshika panga. Hata wewe ulimsikia na yale mashati."

Nilikasirika kidogo, sijui kwa nini. Pengine ni kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kujiona mimi ndiye niliyemwokoa. Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia, nami ndiye niliyekuwa nikiandika.

Dada aliusogeza ule mkono wa plasta kifuani, akaurekebisha hadi maumivu yakatulia.

"Ungejua si kweli," akasema, "ungeanza kulipamba."