Dada Yangu, Tanuri na Mrija wa Shingoni

Ilikuwa mwaka ule daraja lilipokatika. La, nisiwadanganye, daraja lilikatika mwaka uliotangulia. Nakumbuka kwa sababu niliposhikwa na tumbo gari lilinivusha juu ya daraja jipya, na shemeji yangu akaniambia, "Una bahati wewe. Mwaka jana ungeogelea na tumbo lako hilo." Basi ni mwaka wa daraja jipya. Ndio mwaka dada yangu alipozima tanuri.

Huyu dada ndiye mkubwa wetu, na mtaani walimwita Bi Tanuri. Alikuwa anaoka mikate. Tanuri lake la matofali lilikuwa nyuma ya nyumba, limeinama upande kidogo kama mtu anayetegea umbea, na mabeseni ya kukandia yamepangwa ukutani, kila moja limefunikwa kitambaa chake. Mikono yake ilikuwa mipana, inanukia hamira hata siku asiyooka. Mimi mdogo wake sikuwa na makao. Nimeuza viatu, nimelinda maghala, nimechunga mbuzi wa watu, na kila nilipofulia nilirudi kwake. Alinipokea kwa maneno na mkate wa moto. "Karibu, upepo. Umechoka kuvuma?" Tena alikuwa ananikatia ule upande wa ukoko, anajua ndio niupendao.

Lakini natoka nje ya habari.

Utumbo wangu ulijisokota, wakanipasua hospitalini. Kula sikuweza, basi wakanitia mrija shingoni, wakaushona kwenye ngozi, na chakula cheupe kama maziwa kikawa kinapita humo mpaka kwenye damu. Kidonda kikaanza kujifunga. Ndipo ikaja homa, na homa hiyo haikusikia dawa. Walinipa za kuua vijidudu, wakaongeza kali zaidi, yenyewe inapanda tu. Daktari, binti mwembamba mwenye sauti ya chini, akanitoa damu akaipeleka maabara, ikawekwa kwenye chupa waone kitakachoota.

Nilikuwepo na sikuwepo. Mengine niliyasikia kwa masikio yangu, mengine shemeji ndiye aliyenisimulia. Alisema nilikuwa naweweseka.

Daktari akarudi anatembea upesi, akamgeukia dada. "Mama, damu yake ina fangasi."

Shemeji akacheka cheko la woga. "Fangasi si ya miguuni? Huyu hata soksi hana!"

"Hii imeingia kwenye damu, baba. Ni jamii moja na hamira. Imeshika ndani ya mrija. Dawa tunaanza sasa hivi, lakini mrija lazima utoke, na utoke leo."

Dada alikuwa ameketi, mkono wake juu ya kifua changu. Akasimama.

Hapa mjue jambo moja. Tulikuwa na kaka yetu, anayemfuata dada. Naye alilazwa wodi hiyohiyo. Walikuja wakachomoa mrija wake bila kumwambia mtu neno, na kabla chai ya wodini haijapoa alikuwa amekata roho. Tangu hapo, kwa dada yangu, kumchomolea mtu mrija na kumfunika shuka usoni ni kazi moja.

"Hautoki," akasema.

"Mama, nisikilize..."

"Nakuheshimu, mwanangu, umesoma. Lakini humu ndimo anamokulia. Kama mmemkatia tamaa, semeni, nimbebe akafie kwangu. Msiniletee ujanja wa mrija."

Akavuta kiti, akakiweka kati ya kitanda na wao, akakikalia. Muuguzi, bwana mmoja mnene ambaye wagonjwa tulimwita Mjomba, alikuwa ameshabeba sinia la vifaa. Akalirudisha mezani taratibu, kama mtu aliyekuta mbwa mlangoni.

Nikaanza kutetemeka. Si kutetemeka kwa baridi. Kitanda kizima kilikuwa kinagonga ukuta, na ndoano za pazia zinalia. Mjomba akanifunga kitambaa cha presha mkononi, akapima, akapima tena.

"Inashuka," akasema. Hakupaza sauti, na ndiyo maana wote walimsikia.

"Mke wangu, sogea," shemeji akasema.

"Sogea wewe!"

Daktari alikuwa anatazama shingo yangu. Kisha dada, bila kuinuka, akauliza, "Umesema jamii ya hamira?"

"Ndiyo, mama."

"Inanata humo ndani?"

"Inajenga utando. Dawa ikipita inaua ya juu tu. Iliyo chini inabaki, inamwagika tena kwenye damu."

Kitanda kiliendelea kugonga.

"Beseni likichacha," dada akasema mwishowe, kama anayejisemea, "humwagii unga mpya juu yake." Akasogeza kiti. "Haya, toeni. Ila akinifia, binti, mimi na wewe tutatazamana."

Wakanilaza chali, kichwa chini. Mjomba akakata nyuzi. "Vuta pumzi, uibane," akaniambia, nami nikaibana. Nikasikia kitu kirefu kikitoka shingoni kama uzi kwenye nguo, kisha kidole chake kikagandamiza bandeji. Dada alikuwa ameinama mpaka pua yake inakaribia yangu.

"Vuma," akasema. "Vuma, wewe upepo. Vuma!"

Nikavuma.

Msidhani yaliishia hapo. Chakula na dawa vikahamia kwenye mshipa wa mkono. Dawa ya fangasi ilikuwa ya rangi ya manjano, mfuko wake umefungwa karatasi usipigwe na mwanga. Shemeji akasema hajaona dawa yenye tabia za popo. Nayo ilinitetemesha kuliko ugonjwa, na walikuwa wanapima figo zangu kila kukicha wasije wakaniponya damu wakaniua figo. Daktari wa macho akaja kunimulika, maana ugonjwa huu hupenda kujificha machoni. Damu ikatolewa tena, ikaota tena. Ikatolewa tena. Dada alikuwa anamtazama daktari usoni tangu akiwa mlangoni, kabla hajafungua kinywa. Siku moja daktari akatikisa kichwa huku anatabasamu. Haikuota kitu.

Siku hiyo, shemeji alinisimulia, dada alimvuta daktari kando. "Ile hamira. Yaweza kutoka mikononi mwa mtu?"

"Si hamira ya mkate, mama. Na mara nyingi hutoka tumboni au kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Wewe nawa tu, kama tunavyonawa sisi."

Alinawa. Alisimama kwenye lile sinki la wodi, akanawa mpaka vifundo vikapasuka.

Niliporudi nyumbani nilitarajia mkate. Nikakuta tanuri la baridi, kuku ametagia ndani. Mabeseni alikuwa ameyauza. Sasa anauza mkaa, mikono myeusi hadi kwenye kiwiko. Wateja walimbembeleza, akawajibu, "Nimechoka na moto."

"Kachoka na moto, anauza mkaa!" shemeji akasema, lakini hakucheka.

Ni yeye shemeji aliyeniambia baadaye. Siku ile kabla mrija haujatoka, nikiwa naweweseka, nilimkazia dada macho nikasema maneno fulani, naye akairudisha mikono yake nyuma ya mgongo. Shemeji alikuwa mlangoni, hakuyasikia. Mimi sikumbuki hata moja. Nimemuuliza dada akijaza madebe, nimemuuliza tukila, nimemuuliza tukitoka kumzika shemeji. Husawazisha mkaa kwa kiganja, huita mteja anayefuata, hata kama hayupo.

Dada, nilikwambia nini?