Donge la Kwanza la Pulchérie

Ukitoka Fizi kuelekea Kilembwe, kuna mahali njia ya mguu inaiacha barabara na kuingia pori la hifadhi. Hapo ndipo Pulchérie alipojenga kibanda chake cha chakula. Usipokula hapo utakula tena baada ya siku mbili, maana huko mbele wenyeji ni sokwe, nao hawajawahi kumpikia mtu. Bugali wa mihogo, sombe ya majani yake, na samaki wadogo wa ndagala wanaoletwa na pikipiki kutoka Lweba: ndicho chakula chote, na anayetaka kuku atume salamu siku moja kabla.

Pulchérie ni Mrundi. Alivuka ziwa na mumewe Ndikuriyo wakati watu walipokuwa wanakimbia vita kwao, wakakaa kambini ufukweni, kisha wakapanda huku juu kutafuta shamba. Ndikuriyo alifariki mvua za pili. Suzanne, jirani mwenyeji, ndiye aliyempa mjane huyo kiwanja cha kibanda. Watu si wabaya, lakini mtu akiumwa tumbo kijijini, macho huanza kuitafuta nyumba ya aliyetoka mbali. Pulchérie alilijua hilo na lilimnyima raha.

Ndiyo sababu alishika sana desturi ya kuonja. Huku kwetu, anayekupa chakula hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Wengine hugusa kwa ncha ya ulimi, basi. Pulchérie alimega donge zima, akatafuna, akameza huku mteja anamtazama kooni. Walimtania kwamba amenenepa kwa madonge ya wateja.

Sasa, Willy, mkuu wa walinzi wa hifadhi, alituma habari kwamba wiki ijayo atapita na watu wake wawili, Casimir na Darius. Wanakwenda kufungua njia ya watalii; watakula kwake asubuhi na kubeba chakula cha njiani. Unga wa Pulchérie ulikuwa umebaki wa sufuria moja. Akamwagiza mwingine kwa Suzanne, aliyekuwa akilowesha na kutwanga mihogo ya kuuza, na kwa wasiwasi wake akawa anakwenda kumgongea mlango kila asubuhi.

Siku ilipofika, wageni walikula bugali wa unga wa zamani, wakashiba. Unga mpya uliletwa wakiwa bado mezani. Pulchérie akausonga haraka, akafunga mafungu matatu katika majani ya migomba, akanyoosha mkono amege kidogo kila fungu. Willy akamzuia.

"Wacha, mama. Tunachelewa. Na weye tunakuaminia."

Tangu avuke ziwa, hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Alifurahi mpaka vidole vikashindwa kufunga kamba. Wakaondoka, naye akabaki anakwangua sufuria huku anaimba. Akatia ukoko mdomoni.

Ulikuwa mchungu. Aliutema, akaonja tena asiamini, akatema tena. Akakimbia kwa Suzanne, mkono bado umeshika mwiko.

"Hii mihogo ililala mu maji siku ngapi?"

"Moja tu," Suzanne akajibu. "Si ni weye ulikuwa unakuya kila asubui kuuliza unga?"

Ilikuwa kweli. Mihogo ile ya bonde la chini ni mikali, haitoki majini kabla ya siku nne. Wote wawili walijua. Mwaka mmoja wa njaa, watoto wawili wa ukoo wa Suzanne walikula unga wa namna hiyo mchana, na jioni hawakuiona.

Simu hazishiki porini. Pulchérie alirudi kwake, akasimama uani. Labda wataonja na kutupa, alijiambia. Lakini mwanaume mwenye njaa, akipewa pilipili ya kutosha, humeza chochote. Akikaa kimya nao wakafa, amewaua. Akiwafuata na kusema, atakuwa ametangaza kwa kinywa chake kwamba Mrundi alifunga sumu katika majani. Alifikiri hata kukusanya nguo zake na kuteremka mjini Baraka. Ni aibu kusema, lakini alifikiri.

Kisha akaepua viazi vitamu vilivyokuwa jikoni, akavimimina kwenye kikapu, akaingia porini.

Hakuwahi kuipita ile njia. Alifuata alama za viatu vyao kwenye tope, kikapu kichwani kikimchoma, anapanda, anateleza, ndala moja ikabaki matopeni. Alijua wasafiri hupumzika kwenye kijito jua likiwa utosini, na jua lilikuwa limekwisha fika. Aliomba kila mtakatifu aliyemkumbuka. Halafu akasikia Darius anacheka.

Majani yalikuwa yamefunguliwa. Casimir alikuwa ameshika donge la kwanza, bado halijafika mdomoni.

"Musikule ile bugali," alisema, pumzi zimemwishia. "Mihogo haikulowa. Inaweza kuua muntu."

Casimir alilirudisha donge polepole, akafuta vidole kwenye nyasi, akafuta tena. Darius akauliza kuhusu ule wa asubuhi, naye Pulchérie akamwapia kwamba ulikuwa unga mwingine. Willy akamuuliza amejuaje.

"Nilikula ukoko yake, njo maana nikakimbia. Kosa ni yangu, niliharakisha unga."

Jina la Suzanne lilimfika ulimini. Akalimeza.

Willy aliyachukua mafungu yote matatu, akayafukia kwa kisigino cha buti. Pulchérie akatua kikapu mbele yao. Hakuna aliyenyoosha mkono. Basi akachukua kiazi, akakimega, akala. Alisubiri Willy aseme wacha, kama asubuhi. Hakusema. Alimtazama mpaka akameza, kisha akaonyesha kiazi cha chini kabisa.

"Na kile."

Akakionja. Akaonyeshwa cha tatu, akakionja nacho, machozi yanamtoka na hakuyafuta. Hapo ndipo Willy alipochukua kiazi chake, na wenzake wakachukua. Walikula, wakamaliza kikapu.

Wakati wa kuagana, Willy alitia mkoba wake begani na kusema bila kumtazama:

"Siku ya posho, Jumamosi, tunarudi. Utatupikia. Na utaonja."

"Nitaonja, shefu," Pulchérie akasema. Akaanza kurudi, mguu mmoja peku, anaitafuta ndala yake matopeni.