Pindo Chini ya Mlango

Mtoto wake hashikwi na mtu asiyemjua, wala hamjibu mtu asiyemjua. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishi nayo fundi cherehani huyu, mshonaji wa sare za shule, na hakuilegeza hata siku moja. Aliipata kwa dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Wasichana wawili peke yao katika chumba cha kupanga walihitaji kanuni ya namna hiyo, na iliwalinda. Kwa hilo sina ubishi.

Dada huyo alikuwa akinadi nguo sokoni, na watu walimwita Kengele kwa jinsi sauti yake ilivyofika kila kona. Baadaye akaolewa akahamia mji wa mbali, na huko koo likaota uvimbe. Madaktari wakamwambia kwamba ili apone, watalazimika kukiondoa kisanduku cha sauti. Akampigia mdogo wake simu, sauti tayari inakwaruza kama msumeno.

"Kuanzia leo nanyamaza, hii iliyobaki naitunza. Niletee Bwana Mdogo nimwimbie ule wimbo niliokuwa nakuimbia wewe. Baada ya hapo wakate wanavyotaka."

"Nakuja, dada."

"Na yule msumbufu wako pia. Nina maneno yake."

Bwana Mdogo alikuwa mtoto mchanga ambaye Kengele alikuwa hajawahi kumwona. Msumbufu ni binti wa miaka minne, Kifungo, aliyepata jina hilo kwa sababu tangu ajue kutambaa kila akitafutwa alikutwa chini ya cherehani ana kifungo mdomoni. Baba yao, dereva wa lori, alikuwa safarini. Ghafla siku ya upasuaji ikaletwa karibu, na tiketi iliyopatikana ilikuwa ya siku ileile: ndege mbili, kufika asubuhi, Kengele aingie chumba cha upasuaji alasiri.

Fundi alikuwa hajawahi kupanda ndege. Kwenye ukaguzi alisimamishwa kabla hata hajaweka begi chini.

"Mama, mtoto ashuke mgongoni."

"Amelala."

"Hata kama amelala. Na hiyo chupa ya maziwa tuione."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akanyoosha mikono. "Nipe nikushikie dada, uvue viatu."

"Ahsante, nitaweza."

Akavua viatu kwa kukanyaga kisigino kimoja kwa mguu wa pili, mtoto kwapani, tiketi kati ya meno, Kifungo kambana kwa magoti. Foleni nzima ikasubiri.

"Huyu angekuwa na mkia," mzee mmoja akasema, "angeshikia begi." Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Jasho lilimtiririka mgongoni, pale mtoto alipokuwa.

Ndani ya ndege Bwana Mdogo alilia tangu magurudumu yalipoacha ardhi. Jirani yake wa kiti alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye mikono iliyotulia.

"Mnyonyeshe, mwanangu, masikio yatazibuka. Halafu nimpokee uende msalani, naona huketi ukatulia."

"Nashukuru mama, si lazima."

Akaenda na wote wawili. Choo cha ndege kina ukubwa wa kabati, na mlango haukufungika mpaka Kifungo alipopandishwa juu ya kifuniko. "Mama, tumekuwa nguo," Kifungo akasema, akiwa amebanwa ukutani.

Waliporudi, mkunga akawaangalia. "Una mikono miwili tu, mwanangu. Sisi wengine ya kwetu imekaa bure."

Fundi alitabasamu kwa adabu, akageukia dirisha. Niseme lililo kweli: hapo haikuwa hofu tena. Ilikuwa kiburi. Alikuwa akijisifu moyoni kwamba hajamwomba mtu kitu. Akamwinamia binti yake, akamsomesha kama kawaida.

"Mtu akikuuliza jina?"

"Simjibu."

"Akikufuata?"

"Najificha. Nanyamaza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wewe uje peke yako."

Mkunga alisikia, akatikisa kichwa.

Ndege ya kwanza ilichelewa kutua. Walipofika uwanja wa kubadilishia ndege, abiria wa ndege ya pili walikuwa wameanza kuitwa, na hapohapo Bwana Mdogo akaharibu nepi, nguo na mbeleko. Fundi alikimbilia chooni. Kile kijumba hakikutosha watu watatu na begi.

"Mwache huyo mkubwa na mimi hapa," akasema mwanamke aliyekuwa akipiga deki. "Naona una haraka."

Fundi akajifungia ndani na Bwana Mdogo. Alipitisha ncha safi ya mbeleko chini ya mlango. "Kifungo, shika pindo hili. Usiachie."

Akawa anafuta kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anavuta kitambaa kidogo, kama afanyavyo kupima uzi kwenye sindano. Upande wa pili mtoto naye akavuta. Akavuta tena, akavutwa tena. Moyo ukatulia kidogo.

Mpiga deki, kwa wema wake tu, akainama. "Hujambo, mrembo? Unaitwa nani?"

Fundi akavuta. Kitambaa kikaja chote, chepesi.

Alitoka na mtoto nusu uchi begani. "Yuko wapi?"

"Nimemsemesha tu dada, akatimka. Nilidhani kuna mnyama nyuma yangu."

Ukumbi ulikuwa umejaa miguu na mabegi ya magurudumu. Aliita mpaka sauti ikakauka. Askari wa uwanja akaja na redio yake ya mkononi, mhudumu wa ndege akaja, mpiga deki akaacha ndoo yake akaja. Waliinama chini ya viti, wakafungua vyoo, wakaita kwa upole, "Kifungo, njoo mama, njoo." Tangazo likatolewa juu. Kadiri walivyomwita ndivyo alivyojikunja zaidi, maana alikuwa nyuma ya meza ya duka la vitabu, ndani ya kitambaa kilichoning'inia, na alimwona mama yake akipita. Alimwona vizuri. Lakini hakuwa peke yake. Alikuwa amezungukwa na wageni, mmoja wao ana sare na mkanda. Mtoto akafanya alivyofundishwa.

"Mama, ndege inafunga mlango," mhudumu akasema. "Mizigo yenu tuishushe?"

"Dada yangu ananisubiri," fundi akasema, kana kwamba mtu angeweza kufanya kitu kwa habari hiyo.

"Mizigo, mama."

"Shusheni."

Wakaondoka kwenda kushughulikia hilo, askari akarudi getini, mpiga deki akaifuata ndoo yake. Fundi akabaki peke yake, akaketi sakafuni mahali alipokuwa. Ndipo mkono mdogo ukamshika sketi.

"Mama, nimenyamaza vizuri?"

 Alimkumbatia, na mpiga deki aliporudi, kwa mara ya kwanza siku ile akamwachia mtu amshike Bwana Mdogo, apate kumshika Kifungo kwa mikono yote miwili.

Tiketi nyingine ilipatikana alasiri, nayo ya kesho yake. Alipopiga simu, aliyeipokea upande wa pili ni shemeji yake. "Wameshamwingiza, shemeji. Alikataa sindano kwanza, akawa anaonyesha mlango. Daktari akasema chumba hakisubiri."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alikuwa anaitunza."

Walifika kesho yake. Kengele alipona, na leo huwaita watoto kwa kupiga makofi. Wanakuja mbio. Kifungo sasa husalimia watu, ingawa humtazama mama yake kwanza. Fundi bado anashona sare, na watoto wa jirani hushinda kwake mama zao wakiwa kazini.

Wimbo ule hakuna anayeujua wote. Fundi anakumbuka mstari wa kwanza tu. Bwana Mdogo hajawahi kusikia sauti ya mama yake mkubwa, na hataisikia.