Kuka, Zima Hiyo Sigara

Siku ya tatu bila sigara, jino langu la nyuma lilianza kuniwasha. Ati jino linawasha! Mikono nayo ilikuwa na mambo yake. Napakia magunia kule Kibomet, hapa Kitale, naona wa kulia umeshaingia mfukoni peke yake, kama kuku anayerudi kulala kwenye kibanda kilichobomolewa.

Dada yangu alikuwa amesema mara moja tu. Mtoto wake ana pumu, na shati langu likimkaribia, kifua chake kinaanza kupiga mluzi. "Ukiendelea kuvuta, hutambeba tena," akaniambia. Huyo mtoto nampenda hadi naogopa. Basi nikaacha. Na kwa sababu duka la sigara liko mbele ya mlango wangu, Ijumaa nikatorokea kwa nyanya yetu, kule kijijini Kamukuywa.

Sisi humwita Kukhu. Yeye huniita Kuka, yaani babu, kwa sababu nilirithi jina la mume wake, aliyevuta sigara hadi akafa na kifua nikiwa darasa la pili. Kwetu ukirithi jina la mtu unaheshimiwa kama yeye, hata ukiwa na kamasi puani.

"Kuka, umekonda! Ni mapenzi ama ni njaa?"

"Ni sigara, Kukhu. Nimeacha."

Akacheka. "Haya. Umeivuta miaka mitano. Sasa ni zamu yake ikuvute."

Saa saba mchana nilikuwa kando ya ghala nikichambua maharagwe. Jua kali, upepo hakuna, hata kuku wamenyamaza. Mbele yangu kulikuwa na kigoda cha babu, ambacho hakuna mtu hukikalia. Ndipo nikasikia harufu. Moshi wa tumbaku, mzito, wa karibu, kama mtu amenipulizia shingoni. Nikaangalia njia. Hakuna mtu. Mate yakanijaa mdomoni.

Kukhu akaita kutoka jikoni: "Kuka! Zima hiyo sigara!"

Nikaruka, maharagwe yakamwagika. "Haki ya Mungu sijawasha! Njoo uninuse!"

Akatokea mlangoni akipangusa mikono kwa leso. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia kigoda.

"Si wewe," akasema. Kisha, kwa sauti ya mke aliyechoka kurudia jambo: "Mzee, huyu anataka kubeba mtoto. Si umwache."

Harufu ikakatika. Haikuisha polepole, bana. Ilikatika kama redio.

Nilikuwa na sigara moja nimeificha ndani ya soksi, ya dharura, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikaitoa, nikaiweka juu ya kigoda. Kukhu hakuuliza imetoka wapi. Asubuhi haikuwepo. Akasema ni panya. Na mimi nikasema sawa, ni panya.

Jumapili nilirudi Kitale. Dada akanisimamisha mlangoni, mtoto akiwa mgongoni, akaninusa kola, kisha shingo, kama askari wa kizuizi cha barabarani.

"Sigara hakuna," akasema. Akanusa tena, uso ukabadilika. "Lakini mbona unanuka Babu?"

Mtoto alikuwa ameshaninyooshea mikono. Dada akasita, kisha akamfungua, akanipa. Tukasimama pale watu wazima wawili, tumezuia pumzi, tunasikiliza kile kifua kidogo.

Hakikupiga mluzi. Mtoto akashika sikio langu, akalivuta kwa nguvu zake zote.