Mikono Miwili ya Kushoto

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Likizo ile nilirudi nyumbani Igogo na somo moja la kurudia, kemia, na kila aliyeniuliza habari za chuo nilimjibu kwa mkato. Nikifeli tena, chuo basi. Kilichoniangusha ni kuchora molekuli: mstari mnene kwa kinachokuja upande wako, vidoti kwa kinachokwenda nyuma, halafu useme baada ya mmenyuko itabaki ya kushoto au itageuka ya kulia. Mimi nilikuwa nabahatisha tu.

Mama yangu ni fundi cherehani. Aliponiona nalia juu ya daftari, alinipa satini ya mteja na patani, karatasi ya kukatia, ya mkono wa gauni. “Hebu pumzisha kichwa, msomi. Nikatie mikono miwili.”

Kitenge nilikuwa nakikata tangu shule ya msingi. Nikalaza patani, nikakata. Nikailaza vilevile, nikakata tena. Mama alipotazama, alicheka mpaka akashika kiuno.

“Umenikatia mikono miwili ya kushoto. Huyu mteja wangu umemwonaje?”

Nikanuna. Mbona kitenge nakikata hivihivi na hakijawahi kuharibika?

“Kitenge pande zote ni sawa,” alisema. “Ukikosea unaupindua mkono, unakuwa wa kulia. Satini inang'aa upande mmoja. Ukiipindua, mng'ao unaingia ndani.”

Nikaupindua ule mkono wa satini, nikautazama. Kaboni iliyoshikwa na vitu vinne tofauti ndiyo satini: ina kushoto na kulia, na kuipindua hakusaidii. Viwili vikifanana, hicho ni kitenge, geuza upendavyo. Miaka miwili nimekaa darasani, kumbe jambo lenyewe liko kwenye meza ya mama. Niliona aibu, na nilifurahi kweli.

Mteja tulimnunulia satini nyingine. Ile niliyoiharibu Mama alinishonea blauzi, na mikono yake ileile. “Utaivaa siku ya mtihani, ikukumbushe kugeuza.”

Niliivaa shingo upande. Mkono wa kulia ulinibana begani kila nilipoandika. Swali la tatu likataka nichore molekuli baada ya kitu kipya kuingilia mgongoni mwa kaboni na kile cha zamani kutolewa kwa mbele. Nikaanza kuichora vilevile ilivyokuwa, kama patani niliyoilaza mara mbili. Bega likavuta. Nikafuta, nikaigeuza: kinachoingilia nyuma huifanya ya kushoto kuwa ya kulia.

Matokeo yalipotoka nilimpigia Mama simu, nikamwambia nimefaulu. Nikamsikia anavuta kamasi.

“Basi ilete hiyo blauzi,” akasema, “nikuwekee mkono wa kulia.”

Nilimkatalia. Sasa nafundisha kemia Misungwi, na tukifika kwenye mada hiyo naivaa. Inanivuta palepale.