Shangazi, pikapu na maksai wa Bahi: Mwanza kwenda na kurudi

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Haya yametokea likizo hii hii ya Desemba, na ushahidi ninao: suruali yangu ya shule mpaka leo haijatakata.

Shangazi yangu anauza mitumba hapa Dodoma. Kanunua pikapu kuukuu, na safari yake ya kwanza ndefu ikawa Mwanza, harusini kwa binamu. Yeye, mimi na hema la turubai.

Baba, ambaye ni kaka yake, akaweka sharti: "Ukikwama nikaja kukuvuta, funguo narudi nazo. Pikapu inauzwa." (Yeye mwenyewe akirudi nyuma lazima agonge geti, lakini tuyaache.)

Wakuu, yule mama anaendesha! Mlima Sekenke malori yamelala pembeni, yeye yuko gia ya kwanza, anatafuna karanga. Mimi nilikuwa nasali dini zote.

Ila kilichonikosha ni camping yake. Hapigi kigingi hata kimoja kabla hajabisha hodi nyumba ya jirani, akasalimia, akauliza tulale upande gani. Mimi niliona anachelewesha ugali tu.

Wakati wa kurudi tukafika Bahi jioni, nyumbani pua na mdomo. Shangazi akaenda kupiga hodi, mimi nikaona nimrahisishie kazi. Nikapata sehemu safi, tambarare, katikati ya nyua mbili za miiba. Nikasimika hema. Five star!

Mara nikasikia kengele. Ng'ombe wanarudi. Kumbe nimeziba njia yao ya zizini! Kundi zima limesimama linanitazama kama walimu wa zamu.

Mzee mwenye ng'ombe akatokea na Shangazi.

"Kijana, umewajengea ng'ombe wangu geti? Tiketi wanakata wapi?"

Shangazi hata hakunitetea. "Ng'oa. Muombe radhi mzee, halafu na ng'ombe."

Nikawaomba radhi ng'ombe, wakuu. Mzee alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatuonyesha pa kulala na kutuletea maziwa.

Alfajiri ikanyesha. Kulipokucha pikapu imezama hadi ekseli.

"Shangazi, tumpigie tu Baba."

"Thubutu! Nimeimaliza Sekenke, nikanyang'anywe funguo Bahi?"

Akaenda kwa mzee. Akarudi naye, na maksai wanne, nira na mnyororo wa plau.

"Wewe mwenye geti," mzee akaniambia, "kaa nyuma usukume. Leo na wewe maksai."

Shangazi kwenye usukani, mzee mbele anawaita maksai kwa majina, mimi nyuma nakula tope. Ikatoka!

Nyumbani Baba akaizunguka pikapu. Akaona bampa imekwaruzwa.

"Nani kakuvuta?"

"Maksai wa Bahi. Na mwanao."

Baba akanyoosha mkono.

"Nipe funguo."

Nikajua pikapu ndiyo imeuzwa. Shangazi akampa.

Baba akairudisha pikapu nyuma mpaka bombani (geti aligonga), akakunja suruali, akaanza kuiosha mwenyewe, funguo kashamrudishia Shangazi.

Nilichojifunza: hodi kwanza, hema baadaye. Yule mzee asingefungua zizi kwa watu waliomzibia njia wakakaa kimya.

Haya, kuna mwingine humu aliyewahi kumuomba radhi ng'ombe, au niko peke yangu?